Mjadala: Je, BMI peke yake inatosha kumwambia mtu mzima kuwa uzito wake si salama?

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Kila ofisi ikileta watu wa kupima afya, na kila bonanza likiwekewa hema la vipimo, utaratibu ni uleule. Unapanda mzani, unasimama kwenye ubao wa urefu, unaandikiwa namba moja, na kuanzia hapo unahesabiwa kuwa mzima au umezidi. Namba yenyewe ni BMI, uwiano wa uzito na urefu. Nataka tujadili kama inastahili kupewa madaraka makubwa kiasi hicho.

Msimamo wangu nautoa mapema. BMI ibaki, ila isimwamulie mtu ikiwa peke yake. Palipo na mzani pawe na futi kamba ya kupimia kiuno, na mtu mzima asiambiwe kuwa yuko salama au yuko hatarini mpaka vyote viwili vimesomwa pamoja.

Kwa wasioijua hesabu yake: chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako kwa mita, jibu lake ligawe tena kwa urefu huohuo. Mwenye kilo 78 na urefu wa mita 1.60 anapata 30.5. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 ni uzito unaofaa, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Hiyo ni kwa watu wazima tu. Watoto na vijana wana chati za umri wao, na mjamzito hapimwi kwa njia hii.

Sasa tuangalie ilikotoka. Aliyeanzisha hesabu hii, Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa nyota na takwimu, na katika miaka ya 1830 alikuwa akitafuta vipimo vya mtu wa wastani katika jamii. Hakuwa akimtafuta mgonjwa. Aliona kwamba kwa watu wazima uzito hupanda kwa kadiri ya urefu uliozidishwa kwa wenyewe, akaliandika hilo. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972, Ancel Keys wa Marekani na wenzake walipolinganisha kanuni kadhaa kwa wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano. Wanawake hawakuwemo. Na ule mpaka wa 25 nao haukuwapo tangu mwanzo: Marekani mpaka mwaka 1998 ilikuwa inahesabu uzito uliozidi kuanzia 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake. Ulipoteremshwa hadi 25, mamilioni ya watu waliingia kundi la waliozidi bila kuongezeka hata gramu moja.

Lakini hoja yangu kubwa si historia. BMI haioni kilicho ndani ya kilo. Kilo ya msuli na kilo ya mafuta kwake ni sawa. Wala haijui mafuta yamekaa wapi, na hapo ndipo penye hatari yenyewe. Mafuta ya mapajani na makalioni, chini ya ngozi, hayana madhara makubwa kama yale yanayozunguka ini na utumbo. Haya ya ndani humwaga mafuta kwenye damu inayokwenda ini, insulini, kichocheo kinachoshusha sukari kwenye damu, inashindwa kufanya kazi yake, sukari inapanda, presha inafuata.

Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha picha ya madaktari wawili, Mwingereza John Yudkin na Mhindi Chittaranjan Yajnik. Wote wawili BMI yao ilikuwa 22.3, katikati kabisa ya uzito unaofaa. Walipopimwa mafuta mwilini, Yudkin alikuwa na asilimia 9.1 na Yajnik asilimia 21.2. Kwenye karatasi ya bonanza wangeandikiwa jambo moja na kupewa pongezi moja.

Kwa hiyo nauliza: tunawaambia wangapi kuwa wako salama, na kumbe kitambi chao kinasema vingine? Nawasilisha.

Mbeba mizigo wa bandarini

Mkuu umenigusa. Mimi ni kilo 92, urefu mita 1.78. Wameniandikia 29 na neno "uzito uliozidi" kwa wino mwekundu. Kazi yangu ni kubeba na kuvuta tangu nikiwa kijana. Presha yangu nzuri, sukari nzuri, kiuno sentimita 86. Nikauliza nipunguze nini, nikajibiwa punguza wali. Sikupewa maelezo mengine. Wenzangu wawili ambao hata ngazi zinawashinda waliandikiwa 24 na wakaambiwa waendelee hivyohivyo.

Nesi wa wilayani

Ndugu yangu wa bandarini, kwa namba ulizotoa wewe huna tatizo la uzito, na aliyekuandikia alipaswa kukutazama mikono na kiuno kabla ya kushika kalamu. Hilo nakuunga mkono. Ila naomba mada isigeuzwe kuwa ya watu wa aina yako, maana ni wachache. Kwenye foleni yangu ya asubuhi, ukimwona mwenye BMI ya 33, mara nyingi mno ni mafuta. Kukaa tukijadili misuli ya wabeba vyuma kunawapa wengi kisingizio cha kutopima kabisa.

Kuna jambo ambalo mleta mada hajaligusa. BMI haikuletwa kliniki kwa ajili ya wanene tu. Kwenye kliniki ya kifua kikuu na ya wanaotumia dawa za kufubaza virusi, chini ya 18.5 ni kengele. Mgonjwa mwenye 16.8 anahitaji chakula dawa na kufuatiliwa kwa karibu, na namba hiyo ndiyo inayonipa nguvu ya kumwombea. Futi kamba ya kiuno haitanisaidia hapo. Mkiisema vibaya BMI huku mitandaoni, kumbukeni wapo ambao imewaokoa.

Kinachoniudhi mimi ni upimaji mbovu. Mtu anapimwa na viatu, na kilemba kichwani, mzani haujasawazishwa tangu ununuliwe, urefu unaulizwa kwa mdomo. Chukua mama wa kilo 70. Ukimwandikia mita 1.58 anapata 28.0. Ukimwandikia 1.62 anapata 26.7. Sentimita nne tu za uzembe. Halafu mnataka nimwongezee kipimo kingine cha tatu kitakachopimwa kwa uzembe uleule?

Kijana wa Tabata

Mimi naona tunahangaika bure. Namba za Wazungu ziachwe kwa Wazungu. Mwafrika ana mifupa mizito, mwili wetu umejengwa tofauti. Bibi zetu walikuwa wanene na wakafika miaka tisini.

Mbongo wa Leicester

Kijana wa Tabata, kwamba miili inatofautiana nakubaliana nawe. Ila ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho, haikupeleki unakotaka kwenda.

Hapa Uingereza taasisi inayotoa miongozo ya tiba, NICE, tangu mwaka 2022 inasema mtu mwenye asili ya Afrika, ya Asia au ya Mashariki ya Kati ahesabiwe kuwa na uzito uliozidi kuanzia 23, na kiribatumbo kuanzia 27.5. Mpaka wetu umeshushwa chini ya ule wa Wazungu. Sababu ni kisukari. Mwaka mmoja kabla ya hapo ulitoka utafiti wa England uliofuatilia karibu watu milioni 1.5. Hatari ya kisukari ambayo Mzungu anaifikia akiwa na BMI ya 30, watu weusi waliifikia kwenye 28.1, Waarabu kwenye 26.6, na watu wa asili ya Asia Kusini kwenye 23.9.

Sasa tazama inavyokuwa. Nina BMI ya 24. Kwa daktari wangu hapa nimeshaingia kundi la kuangaliwa. Nikipanda ndege kwenda Dar likizo, nikipima kule, naambiwa uzito wangu unafaa. Mwili ni uleule. Na shemeji zangu wa Kihindi wa Upanga, waliozaliwa palepale Dar, wakipimwa kwa kipimo cha 25 wanaachwa na hatari ambayo hapa ingeonekana mapema. Ndiyo maana namuunga mkono mleta mada: mpaka mmoja kwa watu wote hautoshi hata ndani ya mji mmoja.

Hata kiuno chenyewe kina mgogoro wake. Mpaka unaotajwa sana, sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, umetokana na takwimu za Ulaya, na Waafrika tuliazimwa tu kwa kukosa takwimu zetu. Watafiti walipounganisha takwimu za nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara, walipata kuwa hatari kwa mwanaume wa kwetu huanza kuonekana karibu na sentimita 81, sawa na mwanamke. Kati ya 81 na 94 wamo wanaume wengi wanaojiona wana kitambi cha heshima tu.

Kuhusu bibi zetu: walilima, walitwanga, walitembea kwenda mtoni. Na waliofika tisini ndio tunaowakumbuka. Waliokufa kwa kiharusi wakiwa na hamsini hatukuambiwa kuwa ni presha.

Mama wa Mombasa

Nyote mwazungumza kama watu wanaopimwa ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Huku kwetu mimi nimesomewa uzito wangu kwa sauti mbele ya benchi zima la akina mama. Kisha waniambia nipunguze. Nipunguze vipi, na nani atakuwa upande wangu? Mwanamke akipungua mtaani kwetu, huulizwa kama mume amemchoka, au huambiwa ana ule ugonjwa. Tuliyaona miaka ya tisini, mtu akikonda watu wakahesabu siku zake. Hofu hiyo haijaondoka. Dada yangu alipunguza kwa kutembea na kuacha soda na mahamri ya kila asubuhi, sukari yake ikashuka vizuri sana, lakini arusini watu wakamshika mkono na kumpa pole.

Basi mie sipingi vipimo. Nipimeni. Lakini nipimwe faraghani, niulizwe kwanza kama nataka kuzungumzia uzito leo, kwa sababu pengine nimekuja na jino. Na hiyo futi yenu ya kiuno, kwa mwanamke aliyevaa buibui, nani atampima na wapi? Hilo lijibiwe kabla hamjalipitisha.

Afisa lishe

Naingia kwa sababu hii ndiyo kazi yangu, na nina jambo la kumpinga mleta mada na jambo la kumuunga mkono.

Nianze na la kuunga mkono, kwa sababu hayuko peke yake. Mwaka 2023 chama cha madaktari cha Marekani kilipitisha rasmi kuwa BMI ina kasoro, ikiwemo historia ya kubagua, na kwamba itumike pamoja na vipimo vingine. Januari 2025 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida moja la familia ya Lancet ikaenda mbali zaidi. Ilisema kiribatumbo kithibitishwe kwa kipimo kingine angalau kimoja pamoja na BMI, kama kiuno, isipokuwa kwa aliyevuka 40, ambaye hana haja ya ushahidi zaidi. Pia ikatenganisha watu wawili: mwenye mafuta mengi ambaye viungo vyake bado vinafanya kazi sawasawa, na yule ambaye mafuta yameshaathiri moyo, pumzi, magoti, ini au shughuli zake za kila siku. Huyu wa pili ni mgonjwa wa kutibiwa. Wa kwanza ni wa kushauriwa na kufuatiliwa. BMI pekee haiwezi kuwatofautisha.

Sasa la kupinga. Umesema asiambiwe mtu lolote mpaka kiuno kipimwe. Hapana. Mwenye BMI ya 37 nimpime kiuno ili nijue nini? Hata hao NICE wanakipendekeza kwa walio chini ya 35. Kipimo kina thamani pale penye shaka, kati ya 22 hivi na 35. Tukilazimisha kwa kila mtu, tutaongeza foleni na kumwaibisha mtu bila faida.

Na tusiidharau BMI kwenye kazi ambayo Quetelet mwenyewe aliikusudia, ya kuitazama jamii nzima. Bila hiyo tusingejua kwamba Tanzania wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 18 mwaka 2004–05, wakawa 22 mwaka 2010, na 28 mwaka 2015–16. Kenya mwaka 2014 walikuwa 33. Hizo ni tafiti za kitaifa zilizotumia mzani na ubao wa urefu tu, na zimetuonyesha mwelekeo ambao hakuna anayeweza kuubisha. Kwa takwimu za taifa, mbeba mizigo mmoja mwenye misuli hapotoshi kitu. Kwa mtu mmoja aliye mbele yako anapotosha kila kitu.

Kwa wanaotaka kujipima nyumbani, na hapa namjibu mama wa Mombasa kwa sehemu, futi kamba ya fundi cherehani inatosha na hakuna haja ya kupimwa na mtu mwingine. Simama wima, tafuta mwisho wa mbavu na mwanzo wa mfupa wa nyonga, pitisha futi katikati ya hapo juu ya ngozi, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, soma. Kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Mwenye mita 1.68 asifike sentimita 84. Hii nusu ya urefu naipenda kuliko 94 na 80 kwa sababu haihitaji kuuliza jinsia wala kabila.

Na ukiona umezidi, lengo lisiwe kurudi 24.9. Hilo limewavunja moyo wengi. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo tano hadi tisa, presha na sukari huanza kushuka hata kama BMI bado inamwandika amezidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulichukua watu waliokuwa wanaelekea kwenye kisukari, wakalenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na wenzao waliopewa vidonge bandia visivyo na dawa ndani.

Kijana wa Tabata

Afisa lishe na kaka wa Leicester nimewasoma, ile ya 81 imenikalia vibaya maana mimi ni 89. Nitapima sukari. Ila naona mnaongelea kliniki tu. Rafiki yangu alifaulu usaili wote wa kampuni moja, akakwama kwenye vipimo vya afya kwa sababu ya BMI ya 31. Hakupimwa presha. Hakuna aliyemuuliza kuhusu sukari. Kazi ikaenda. Hilo mnaliitaje?

Mleta mada

Hilo kijana umeliweka mahali pake, na ndilo lililonifanya nilete mada. Afisa lishe, hoja yako ya 35 naipokea, futi itumike penye shaka. Lakini tazama mahali BMI inapotumika bila nesi wala afisa lishe: ajira, bima, mashindano ya ofisi ya nani kapungua zaidi. Huko hakuna wa kutazama mikono ya mtu. Kanuni iliyotengenezwa kuelezea wastani wa umma inatumika kumnyima mtu mmoja mkate. Ningependa iandikwe wazi kwenye taratibu za ajira: BMI isiwe sababu ya kumkataa mtu. Kama kazi inahitaji kupanda mlingoti, apandishwe mlingoti tuone. Kama wana wasiwasi na moyo wake, wapime presha na sukari.

Mama wa Mombasa, la faragha ninalibeba kama lilivyo. Pazia ni kitambaa tu, hakuna zahanati isiyoweza kulitundika. Na kuuliza "naweza kukupima uzito leo?" hakuna gharama yoyote.

Nesi wa wilayani

Mleta mada, pazia ni kitambaa, lakini chumba chetu kimoja kina meza ya chanjo, meza ya uzazi wa mpango na mimi. Nimesoma yote na bado siafiki kwamba vita yetu iwe ya futi kamba. Mwenye 24 na kiuno kikubwa, na mbeba mizigo mwenye 29, na yule kijana aliyekoseshwa kazi, wote watatu wangejulikana kwa kitu kimoja ambacho mara nyingi sina: mashine ya presha inayofanya kazi. Presha haimsubiri mnene. Nimewapokea wembamba kabisa, BMI 20, wameletwa wamepooza upande mmoja, na hawakuwahi kupimwa presha hata mara moja kwa sababu kila mtu aliwaona wako vizuri kwa umbo.

Kwa hiyo wakija wafadhili au halmashauri wakauliza tuongeze nini pembeni ya mzani, mimi nitasema mashine ya presha na betri zake, kisha vipimo vya sukari, halafu ndiyo futi. Nani ananipinga kwenye mpangilio huo, na kwa sababu gani?